Tupeane uzoefu: kadi yako ya biashara ilikuletea mteja? Ilikuwa imeandikwa nini?

Habari za jioni wadau. Mimi ni fundi wa sola, nazunguka Nairobi na viunga vyake, na nataka kuchapisha kadi mpya. Bei nitaulizia mwenyewe Kirinyaga Road. Ninachotaka ni kusikia kutoka kwa mtu ambaye kadi yake ilitoka mkononi, ikakaa kwa mtu, ikarudi na kazi. Naamini kadi bado ina nguvu. Simu za wateja zimejaa "Fundi", "Fundi 2", "Fundi Stima", na siku anapokutafuta hakumbuki wewe ni yupi. Karibuni.

Fundi Mabomba, Kayole
Kadi zangu nawapa wasimamizi wa ploti, maana ndio wanaopigiwa simu maji yakianza kumwagika. Juu kabisa, kwa herufi nene: MABOMBA, TANKI, VYOO. Jina langu liko chini, dogo. Bomba likipasuka saa nane usiku hakuna anayetafuta jina la mtu, anatafuta neno bomba. Namba nimeikata vipande, tarakimu nne, kisha tatu, kisha tatu, ili mmoja amsomee mwenzake kwa sauti bila kurudia rudia. Kuna msimamizi mmoja amebandika yangu ndani ya mlango wa stoo, na ploti ile sijawahi kukosa kazi.

Mchapaji, River Road
Ndugu yangu wa sola, nisikilize, kazi hii naifanya kila siku na inaniuma kuona mtu analipia kadi isiyosomeka.

Chukua milimita 85 kwa 55. Kadi ya benki inakaribia vipimo hivyo hivyo, kwa hiyo yako itaingia palepale kwenye pochi. Ile ya Kimarekani ya 89 kwa 51 ni ndefu zaidi, ncha yake hubaki nje na kukunjika. Karatasi iwe ya gramu 300 hadi 350 kwa mita ya mraba. Ukitaka rangi ifike ukingoni, mchoro uzidi kwa milimita 3 kila upande, na maandishi yakae mbali na ukingo, kwa sababu mashine ya kukata husogea kidogo.

Halafu rangi. Kioo cha simu hutoa mwanga, sisi tunachapa kwa wino wa rangi nne. Ile buluu inayong'aa kwenye simu haitatoka vile karatasini. Dai sampuli moja ichapwe kabla ya kuruhusu zote. Na nembo usinitumie kama picha ya WhatsApp, hubanwa ikapoteza ubora. Itume kama faili, PDF ikiwezekana. Herufi nyembamba nyeupe juu ya weusi, wino huzimeza. Ukubwa wa herufi usishuke chini ya pointi 8: mzee asiye na miwani naye ni mteja.

Msusi, Kenyatta Market
Upande wa nyuma uacheni mtupu! Mteja akimaliza kusukwa, nyuma ya kadi namwandikia mtindo, namba ya rangi ya nywele na pakiti ngapi zimetumika. Akirudi anakuja nayo, hatuanzi kubahatisha. Kwa hiyo nilikataa ile karatasi ya kung'aa, kalamu inateleza na wino unafutika kwa kidole. Mbele nimeandika pia jinsi ya kufika kibandani nikianzia kwa wachoma nyama, kwa sababu mgeni akiingia soko letu anapotea.

Mchapaji, River Road
Dada amesema kweli. Omba karatasi isiyopakwa chochote, itashika kalamu vizuri.

Mpiga picha, Ngara
Mimi nina QR ya kufungua WhatsApp yangu. Iwe na sentimita 2 hivi na weupe kuizunguka, vinginevyo simu haiisomi. Ilibuniwa Japani mwaka 1994 na Denso Wave kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, kwa hiyo inavumilia uchafu na mikwaruzo kiasi. Lakini namba ya simu iandike pia. Maharusi wanaskani, wazazi wao wanapiga.

Mwenye mada
Asanteni sana. Dada msusi umenifungua macho: nyuma nitaweka mistari ya kuandika tarehe niliyofunga sola, ukubwa wa betri na wati za paneli, kisha kadi moja ibaki na mfumo. Fundi yeyote akija ataona. Namba ya till, ya kulipiwa kwa simu, niweke?

Fundi Mabomba, Kayole
Mimi sikuiweka, mteja analipa nikiwa mbele yake. La muhimu ni laini yenyewe. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni humpa mtu mwingine namba hiyo, na kadi zako bado zimo kwenye droo za watu. Hata ukinunua laini nyingine, ile ya kwenye kadi iendelee kutumika.