Mlima mweusi wa Lubumbashi: uachwe au umalizwe?

Mwana Katuba: Ukiingia Lubumbashi unalakiwa na bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, na mlima mweusi ubavuni mwake, masalia ya shaba iliyoyeyushwa pale tangu 1911. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walianza kuuchota ili watoe kobalti. Mimi nasema kilichobaki kisiguswe, kiwe kumbukumbu. Ninyi je?

Fundi Tabora: Kumbukumbu ya mavi ya shaba? Kama bado kuna kobalti, iuzwe, watoto wanunuliwe madawati.

Kamalondo: Mavi? Babu yangu alizeekea mbele ya tanuru lile. Njoo useme hilo neno mbele ya mama yangu.

Fundi Tabora: Ndugu, sikutukana. Wahunzi wa huku husema mavi ya chuma, ndilo jina lake. Fungua kamusi.

Dada wa Ruashi: Kaa na kamusi yako. Desemba 1941 wafanyakazi walijaa uwanja wa mpira kudai nyongeza ya mshahara, wakamiminiwa risasi. Jasho lao ndilo unalolipa jina hilo.

Mwana Katuba: Jamani, turudi kwenye mlima.

Mpita Njia: Mlima mnaulilia, mbona eneo la Penga Penga hapo mjini hamlitaji? Moshi wa tanuru uliua miti kule, udongo ukabaki mtupu. Nayo si kumbukumbu? Au kumbukumbu ni ile inayopendeza kwenye picha?

Dada wa Ruashi: Nani kasema inapendeza? Na wafanyakazi walioacha kazi Gécamines 2003 kwa kile kilichoitwa hiari, zaidi ya watu 10,000, mawe yatawasemea?

Mzee wa Kambi: Wanangu, mimi nawaza king'ora. Kilipolia alfajiri kambi nzima iliamka, hata asiye na zamu. Siku ya mposho, mgao wa chakula wa kampuni, tulipewa unga, maharage, mafuta, samaki mkavu. Mke wangu aliupima unga kwa kopo la maziwa, akiusawazisha juu kwa kiganja, asizidishe wala asipunguze. Ukingo wa kopo umelika upande mmoja. Ninalo mpaka leo. Hilo mtaliweka wapi?

Mwana Katuba: Baba, usimpe mtu. Jumamosi nakuja kulipiga picha, na unisimulie nirekodi.

Fundi Tabora: Shikamoo mzee. Hilo kopo hata mimi ningelihifadhi.

Kamalondo: Usijifiche nyuma ya mzee. Neno lako bado hujaliondoa.