Datsun 240Z ya 1972 imekaa miaka mingi bila kuwashwa, naanzia wapi nyumbani?

BintiPangani:
Wakuu, heshima kwenu wote.

Mjomba wangu kaniachia Datsun 240Z ya 1972. Ipo Tanga, kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba, na tangu macho yalipoanza kumsumbua mjomba hakuna aliyeiwasha. Injini ni ileile iliyokuja nayo: silinda sita za mstari mmoja, kabureta mbili. Naipenda sana gari hii na siiuzi. Corolla yangu naihudumia mwenyewe, yaani oili, plagi na pedi za breki, kwa hiyo spana siziogopi.

Nilimwita fundi wa jirani. Akafungua boneti na kusema tulete betri tupige stata tuone, halafu kabureta mbili zitolewe ifungwe moja ya Hilux. Fundi mwingine anasema injini yote itoke iingie 1JZ ya Toyota. Moyo wangu unakataa, ila sina hoja ya kuwajibu.

Je, nianze na nini? Na hizo kabureta kweli ni tatizo? Naomba kuwasilisha.

Kipusa:
Hongera dada. Tuwekee picha za injini na za chini ya gari.

MzeeWaPlagi:
Mwanangu, betri iache dukani kwanza. Injini iliyokaa muda mrefu ukuta wa silinda umekauka, na ringi za pistoni huenda zimeshikwa na kutu. Ukipiga stata hapo unaweza kukwaruza silinda au kuvunja ringi, na hasara hiyo hairudi.

Toa plagi zote sita uzipange kwa namba, kila moja ina habari za silinda yake. Mimina oili kidogo kwenye kila tundu, acha ikae siku kadhaa. Kisha weka gia huru, tia spana kwenye nati ya puli ya mbele ya krenki, uzungushe taratibu kwa mkono. Ikigoma usilazimishe. Ongeza oili, subiri, jaribu tena. Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kukwama, shukuru Mungu.

Hapo mwaga oili ya zamani, badili na filta. Weka 20W-50 ya kawaida, si hizi sintetiki nyepesi za magari ya sasa. Kwenye injini hii ya L24 kemshafti iko juu na inasugua mikono ya valvu moja kwa moja, kwa hiyo inataka oili nzito yenye zinki. Fungua kifuniko cha juu utazame meno ya kemshafti. Yakiwa laini na yanang'aa, vizuri. Ukiona mashimo, rudi hapa tuongee. Pima na nafasi za valvu injini ikiwa baridi: milimita 0.20 upande wa kuingiza, 0.25 upande wa kutoa moshi.

Ndipo sasa ulete betri. Piga stata plagi zikiwa bado nje na waya wa koili umechomolewa, mpaka geji ya oili ipande. Hapo injini inazunguka bila mzigo na oili inafika juu kabla ya moto wowote.

TurboMbeya:
Kwa heshima yote kwa mzee, dada sikiliza na upande wa pili. 1JZ inapatikana, mafundi wanaijua, nguvu ni nyingi na spea zipo kila mji. Hiyo L24 ukikosa gasketi moja gari inalala miezi. Unataka gari ya kuendesha au ya kuangalia?

SafariNairobi:
Nakuheshimu TurboMbeya lakini hapo hatukubaliani. Hii si gari ya kawaida kwetu Afrika Mashariki. 240Z ilishinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, ikashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Ilishinda kwenye vumbi na matope yetu, na moyo wake ulikuwa hii L24 ya sentimita za ujazo 2,393. Ukiitoa, unabaki na bodi nzuri yenye injini ya gari nyingine, na mtu anayezijua hizi atakulipa kidogo kuliko angelipa ikiwa na yake hata kama inavuta moshi.

Halafu suala la spea linakuzwa. Familia ya L ni kubwa. Datsun ilikuwa chapa ya Nissan, na Nissan Patrol za zamani za petroli zilitumia L28, ndugu yake wa moja kwa moja. Pampu ya oili, temostati na vitu vingi vya juu vinafanana au vinakaribiana. Gasketi ya hedi sivyo, maana L24 ina kipenyo cha milimita 83 na L28 ni 86. Kila spea, beba ile ya zamani mkononi ulinganishe kabla ya kulipa. Hapa Nairobi jaribu Grogan, eneo la maduka ya spea, tena kuna mafundi wanaoandaa hizi Z kwa mashindano ya magari ya zamani. Wanaijua injini hii kwa kuisikia tu.

Dada, angalia bamba la chesisi. Namba ikianza na HS30, una Z ya usukani wa kulia iliyotoka kiwandani na L24.

FloatiNaSindano:
Nijibu la kabureta, maana hizi zinasingiziwa sana. Kabureta za Hitachi za 240Z zimejengwa kwa mtindo wa SU za Uingereza: pistoni moja, sindano moja, floti moja. Hazina matundu mengi madogo ya kuziba. Fundi anazikimbia kwa sababu ziko mbili na lazima zivute hewa sawa. Ukifunga moja ya Hilux, silinda za pembeni zitakosa mchanganyiko sahihi, gari itatetemeka na kula mafuta.

Toa kifuniko cha juu cha kila kabureta, safisha pistoni kwa petroli na kitambaa, usitumie msasa hata kidogo. Usichanganye vipande vya kabureta moja na nyingine, vililinganishwa pamoja kiwandani. Rudisha, weka oili nyepesi kwenye kile kichupa cha juu, inua pistoni kwa kidole uiachie. Inatakiwa ishuke yenyewe mpaka igonge "tok". Isipogonga, kuna uchafu au sindano haijakaa katikati.

Injini ikiwaka na kupata moto, chukua bomba la mpira, mwisho mmoja sikioni, mwingine kwenye mdomo wa kabureta. Sikiliza mvumo wa ya kwanza, kisha ya pili, geuza skrubu mpaka milio ilingane. Mtetemo utapungua hapohapo. Kama bado inakohoa, hakikisha waya za plagi zimepangwa kwa mfuatano wa silinda kuwaka, 1-5-3-6-2-4, kabla ya kulaumu kabureta.

KutuSiMchezo:
Jamani mmeruka jambo kubwa. Gari imekaa Tanga, karibu na bahari. Kabla dada hajanunua hata plagi moja, aingie chini na bisibisi. 240Z haina fremu ya peke yake kama Land Rover, bodi yenyewe ndiyo inabeba kila kitu. Kutu ikila reli za chini, injini nzuri haina pa kukaa.

Gonga na kuchoma: sakafu chini ya zulia, vizingiti vya milango, matao ya magurudumu ya nyuma, chini ya betri, na ukingo wa mlango wa nyuma. Palipo imara patalia kama bati nene, palipooza bisibisi itazama. Mpira wa mlango wa nyuma badilisha hata kama unaonekana mzima, kwa sababu gari hizi hunyonya moshi wa silensa ndani kupitia pale.

Na breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, kwa hiyo silinda ndogo za drami za nyuma huenda zimeota kutu kwa ndani. Badili mabomba yote ya mpira na raba za masta silinda. Mabomba ya petroli pia, yote, maana yakipasuka juu ya ekzosi yenye joto gari itawaka moto. Na ukiingia chini, gari ikae kwenye stendi, usiamini jeki peke yake.

BintiPangani:
Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Namba inaanza HS30! Nimechoma na bisibisi kama KutuSiMchezo alivyosema. Reli za chini na vizingiti viko imara. Sakafu upande wa dereva bisibisi imepita kabisa, eneo la kama sahani, na chini ya betri pia. Plagi zimetoka, oili nimeshamimina, naiacha ilale.

TurboMbeya, nimekusoma, lakini L24 inabaki. Nimeshapata mtu wa kuchomelea sakafu. Kuna la kumwambia?

TurboMbeya:
Sawa dada, kwa reli nzima namna hiyo hata mimi ningebaki nayo. Ikiwaka tuletee sauti.

MzeeWaPlagi:
Marahaba mwanangu. Mwambie akate mpaka afike kwenye chuma kizima, asibandike bati jipya juu ya kutu. Betri isiwepo, zulia na viti vitoke, na waya zinazopita sakafuni zisogezwe. Tenki la petroli lishushwe kabla ya moto wowote, hata kama ni tupu, kwa sababu mvuke ndio unaolipuka. Likiwa chini, angalia ndani kwa tochi. Ukiona unga wa kutu, lisafishwe na filta mpya ifungwe, la sivyo kazi yote ya kabureta itarudi mwanzo.