Tupeane uzoefu: shamba la mteremko lenye mawe, unapanda nini na unalitunzaje?

Mwenye uzi

Wakuu, habari za shughuli. Uzi huu ni wetu sisi tunaolima mlimani, kule ambako kila pigo la jembe linagonga jiwe. Ushauri mwingi wa kilimo umelenga tambarare: piga trekta, nyoosha mistari, mwaga mbolea. Huku ukifanya hivyo mvua ya kwanza inakushushia shamba bondeni.

Naanza na la kwangu. Juu ni changarawe tupu na udongo kiduchu, katikati mawe ya ukubwa wa ngumi, chini udongo mweusi wenye kina, maana ndiko ulikohamia ule wa juu. Kabla ya kuchagua zao nilisubiri ardhi ilowe, nikapita na nondo nyembamba nikiichoma huku na huku. Ikigonga, sogea kidogo urudie. Ikizama, lilikuwa jiwe tu. Ikigoma kila unaposogea, hapo chini kuna mwamba. Kina hicho ndicho kilichoniamulia: juu mkonge na majani ya mifugo, katikati mtama na mbaazi, chini mahindi na mboga.

Mbaazi nazisifia kwa moyo wote. Mzizi wake mkuu unajipenyeza kati ya mawe kufuata unyevu, na majani yake yanadondoka yanakuwa matandazo. Karoti siweki kule, mzizi ukikutana na jiwe unagawanyika. Mihogo nayo inasifiwa kupita kiasi kwa mteremko. Inavumilia udongo uliochoka, ni kweli, lakini inachelewa kufunika ardhi, na siku ya kuing'oa unafukua udongo wote ukae tayari kuchukuliwa na maji.

Nyie mmepanda nini, na mawe mmeyafanya nini?

Fundi wa Kingo

Mkuu, umeanza na zao, mimi naanza na maji. Zao lolote zuri litaondoka na udongo wake kama maji yanashuka bila kizuizi.

Mistari ya kontua, yaani ile inayokatiza mteremko kwa usawa mmoja bila kupanda wala kushuka, naipima kwa fremu ya A: miti miwili ya urefu sawa, mmoja wa kukatiza katikati, na kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka kileleni. Weka alama kamba inapogusa mti wa kukatiza, geuza miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa ulipo. Ukishapata hapo unatembeza fremu shamba zima, kila mguu unapotua unapiga kigingi.

Kwenye mstari huo nachimba msingi mfupi, mawe makubwa chini, madogo juu, bila saruji. Ukuta lazima upitishe maji polepole na kubakiza udongo; ukiuziba kabisa maji yatajaa nyuma yake na kuubomoa. Upande wa juu wa ukuta napanda mabingobingo. Fanya juu, yaani kuchimba mtaro kwenye kontua na kutupa udongo wake upande wa juu uwe tuta, ni nzuri pia, ila inataka udongo wenye kina. Penye udongo mfupi ukichimba mtaro unafikia mwamba na kuharibu kidogo ulichonacho, kwa hiyo hapo ukuta wa mawe ndiyo jibu.

Mgeni wa Kilima

Naomba kuuliza, kuta zikae umbali gani? Na mawe yote niyatoe? Huku wazee wanasema mawe yanaota, ukiokota msimu huu msimu ujao yapo tena.

Fundi wa Kingo

Umbali unategemea mwinuko. Shika ubao wa mita 2 ulale sawa kwa pima maji, ncha moja iguse ardhi upande wa juu, kisha pima ncha ya pili iko juu ya ardhi kiasi gani. Ukipata sentimita 40, mteremko ni asilimia 20. Mimi naweka ukuta kila ardhi inaposhuka mita 1.5, kwa hiyo hapo ni kila mita 7.5. Kwenye asilimia 10 inakuwa mita 15.

Mwenye uzi

Kuhusu mawe, usitoe yote. Makubwa yanayozuia jembe yapeleke kwenye ukuta, madogo ya juu yaache. Yanapunguza nguvu ya matone ya mvua na jua halikaushi udongo haraka. Na mawe yakizidi kuonekana kila msimu, kwa kawaida maana yake mvua inabeba chembe laini na kuyaacha yenyewe. Ndugu yangu, hapo udongo unaondoka, usichelewe kuweka kingo.

Sululu

Naongeza moja ambalo halisemwi. Wengi tunalima tukiutazama mlima, kila pigo linavuta udongo kuja miguuni, yaani kushuka. Hata bila mvua shamba linahama. Mimi nalima kwa kufuata kontua, nikivuta udongo kwenda pembeni, na palizi nyingi nafanya kwa kufyeka, mizizi inabaki ikishika ardhi. Mbolea ya dukani naigawa mara mbili au tatu na kuifukia kila mara, kwa sababu udongo wa mawe hauhifadhi virutubisho kwa muda mrefu.

Mama Miche

Mimi ni wa miti. Shimo nachimba sentimita 60 kila upande, udongo wa juu naweka kushoto, wa chini kulia. Wa juu unachanganywa na samadi iliyooza na kurudi kwenye mizizi. Wa chini unakuwa tuta la nusu mwezi upande wa bondeni, maji yakishuka yanatulia kwenye mche. Tini, komamanga na zabibu zinavumilia mawe. Parachichi nachagulia penye kina tu, maana maji yakituama juu ya mwamba mizizi inaoza, na mti unanyauka huku udongo umelowa.

Mgeni wa Kilima

Asanteni sana. Nondo ninayo. Mvua ikinyesha nachoma kwanza, kisha nitarudi na vipimo mnisaidie kupanga mistari.