Dawa za magonjwa adimu: NDA, mamlaka ya dawa Uganda, ilegeze kamba au ikaze?

Mwenye_Duka_Jinja: Jamani, dawa ya ugonjwa adimu kama haijasajiliwa Uganda, mpaka NDA itoe kibali maalumu ndipo iingie. Kwa nini tusiwe na sheria yetu? Marekani wana sheria ya tangu 1983: ugonjwa wenye wagonjwa chini ya 200,000, kampuni ikipitishiwa dawa yake inapewa miaka 7 ya kuiuza bila mwingine kuruhusiwa kuleta dawa hiyohiyo kwa ugonjwa huo.

Okello_Kitgum: Sheria ya nini? Watoto wetu wa ugonjwa wa kutikisa kichwa wanapewa sodiamu valproeti, dawa ya kifafa ya siku nyingi. Kibali hakijazi rafu, ndugu yangu.

Nalongo_Mbale: Na huko Marekani siko seli (selimundu) nayo ni adimu, wagonjwa kama laki moja nchi nzima. Hapa inakadiriwa wanazaliwa hadi 20,000 kwa mwaka! Tiba ya jeni ya Casgevy, iliyopitishwa huko 2023, ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. NDA ikiisajili kesho, nani atanunua? Mimi hapa nafungua kapsuli ya haidroksiyurea, dawa ya siko seli, ya miligramu 500, nakoroga kwenye maji, nampimia mwanangu kwa sirinji. Ya watoto sijaiona dukani.

Kijana_Ntinda: Wazazi wangepima damu kabla ya harusi, yote haya yasingekuwepo.

Nalongo_Mbale: Koma! Umewahi kukesha na mtoto anayelia mifupa, wewe?

Kijana_Ntinda: Nalongo, sijakutukana. AS ni mtu mzima wa afya aliyebeba jeni moja ya siko seli; AS na AS wakioana, kila mimba ina uwezekano wa robo mtoto kuugua. Hesabu haina huruma.

Mwana_Kwaya: Kwetu mchungaji hatangazi ndoa bila majibu ya maabara. Safi sana.

Okello_Kitgum: Na wote wakitoka AS? Anawatenganisha yeye kama nani? Mahari imeshalika, ng'ombe wako kwa wakwe, wengine wameshazaa!

Mwana_Kwaya: Bora ng'ombe kuliko kaburi.

Okello_Kitgum: Rahisi kusema kwa mtu ambaye hajachunga hata mbuzi.

Nalongo_Mbale: Halafu mtoto aliyekwisha kuzaliwa nayo, haidroksiyurea anapata wapi, mchungaji atamnunulia?

Mwenye_Duka_Jinja: Mada ilikuwa NDA jamani, NDA!

Kijana_Ntinda: NDA haifungishi ndoa, mzee. Okello, hao ng'ombe wanarudi na ndama wao au bila?