Tupeane uzoefu: usiku uliodhani wachawi wamekuja kukuchukua

Mlinzi wa Dari: Wakuu, salaam. Jana usiku bati langu limetembewa mpaka nikamaliza dua zote ninazozijua. Marehemu bibi akisikia vile alikuwa anarusha chumvi ya mawe dirishani na kumtukana mtu kwa jina. Wewe yalikukuta yapi? Lete chako.

Fundi Mapaa: Bati hutanuka kwa jua la mchana, likipoa linasinyaa na kuvuta misumari. Ndiyo hiyo miguu. Nimeezeka nyumba nyingi, mchawi sijamkuta hata mmoja.

Mama Watatu: Bati linapoa jioni, mwenzio katembewa saa nane usiku. Eleza hapo, fundi.

Fundi Mapaa: Paka.

Karafuu Kavu: Nyie hamkuwepo Zanzibar 1995, mwaka wa uchaguzi. Popobawa, lile jini la kuvamia watu usiku, alianzia Pemba akavuka mpaka Unguja. Wanaume wazima na ndevu zao walilala nje, moto umekokwa, ukoo mzima umebanana kwenye mkeka. Na ilisemwa aliyevamiwa akificha, anarudiwa. Basi asubuhi kila mtu anasimulia kwa sauti! Mjomba wangu hakuguswa, ila naye alisimulia, kwa tahadhari tu.

Daktari wa Kijiweni: Lile ni jinamizi. Akili imeamka, mwili bado umelala, kifua kinabanwa. Ukilala na hofu ndiyo linakujia vizuri.

Karafuu Kavu: Jinamizi la visiwa viwili kwa mpigo? Haya.

Mtoto wa Bweni: Mmenikumbusha mbali. Nilisoma bweni huko Rukwa. Nyuma ya bweni la wasichana kulikuwa na mwembe mkubwa, na kila jenereta ikizimwa, kichanga kinalia juu ya mti. Kinalia, kinapumzika, kinalia tena. Kidato cha kwanza wakaanza kuanguka: mmoja akipiga yowe, bweni zima linaitikia. Hakuna aliyethubutu kwenda msalani, ndoo zikawa mali. Kijijini wakaita lambalamba, wale waganga wa kufichua wachawi, wakaja na vioo na vibuyu, wakafukua pembe nyumba kwa nyumba, kisha wakatangaza kwamba ule mwembe ndio kiwanja cha ndege. Mwalimu wa baiolojia akachukia. Usiku akatoka na tochi, sisi tumegandana madirishani. Mwanga ukakutana na macho mawili mekundu, makubwa. Matroni akaanguka yeye! Kumbe ni komba, yule mnyama wa usiku anayelia kama mtoto. Tukacheka mpaka kukacha. Asubuhi tukaenda kuukagua mti kishujaa. Tawi la juu kabisa kuna ungo. Mpya. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena... Wakuu, niko kazini, bosi anapita. Narudi.

Mama Watatu: Usituache kwenye mataa wewe!

Ng'wana Pamba: Ungo? Wa Rukwa mmepitwa na wakati. Kwetu usukumani mchawi anapanda fisi, anarudi kabla ya alfajiri.

Shemeji wa Bariadi: Na hapo utaitaja Gamboshi, kile kijiji mnachokisema kwa uchawi. Nimelala Gamboshi, nimekula Gamboshi. Watu wanalima pamba na kufuga ng'ombe kama wengine, mmewachosha.

Ng'wana Pamba: Nimeitaja wapi? Umeitaja mwenyewe.

Wakili wa Mtaa: Angalieni midomo. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, leo ni Sura ya 18. Kumnyooshea jirani kidole kunaweza kukufikisha kizimbani. Mwingereza alisema uchawi haupo, halafu akautungia sheria.

Fundi Mapaa: Chai hiyo ya ungo, imekosa vitumbua tu.

Daktari wa Kijiweni: Mlinzi wa Dari, acha kula usiku sana.

Mama Watatu: Chumvi ya mawe ndiyo dawa.

Karafuu Kavu: Chumvi inaozesha bati. Soma Ayatul Kursiyu ulale.

Fundi Mapaa: Kwenye chumvi nakuunga mkono. Nipigie nikakaze misumari.

Mtoto wa Bweni: Nimerudi. Mwalimu aliuangua ungo kwa mti mrefu, akasema ni ushahidi wa kisayansi, akaenda nao nyumbani. Mkewe akawa anapepetea mchele. Mwenye ungo hakujitokeza. Ila mchele wa nyumba ile, wakuu, tulialikwa darasa zima tukala tukasaza, na gunia lilikuwa moja.

Mama Watatu: Huyo mke anauza?

Shemeji wa Bariadi: Tupange foleni. Mimi wa pili.