Naomba ushauri: ubunifu wa mwanafunzi ni mali ya nani?

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa waliowahi kupitia atamizi za vyuo vikuu, yaani vituo vinavyolea biashara changa. Mimi na mwenzangu tuko mwaka wa mwisho uhandisi; tumeunda kifaa cha kupima unyevu wa nafaka ghalani, na kinafanya kazi. Chuo kinatupa maabara na mshauri wa biashara bure, ila fomu ya kujiunga ina kipengele kinachosema hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, itakuwa ya chuo.

Najua hilo si geni. Hataza ya PageRank, mbinu ya kupanga matokeo ya utafutaji mtandaoni iliyozaa Google, ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na chuo kikapata hisa za kampuni hiyo. Sweden ni tofauti: mwalimu wa chuo ndiye mwenye haki ya uvumbuzi wake.

Kinachoninyima usingizi ni hiki: msimamizi wetu anataka tuwasilishe kazi kwenye kongamano kabla ya kuomba hataza, na katika nchi nyingi ukishautangaza uvumbuzi hadharani, si mpya tena kisheria, hivyo unaweza kukosa hataza. Ana nia njema, anahitaji machapisho ili apande cheo, nami namheshimu sana.

Je, tudai mgawanyo gani? Nani atusomee fomu kabla hatujasaini? Na msimamizi tumwombeje asubiri? Natanguliza shukrani.