LS3/5A ikiundwa upya leo, tubakize nini na tuache nini?

Fundi wa Ndeeba
Ndugu zangu, mteja ameniomba nimtengenezee spika ndogo za kuweka juu ya stendi, kwa mfano wa ile LS3/5A ambayo wahandisi wa BBC waliibuni katika miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, ambamo spika kubwa haikupata nafasi. Mnaoijua mnakumbuka sanduku lile la plaiwudi ya milimita 12, limefungwa kabisa, kuta zimebandikwa lami kwa ndani, woofa (ya sauti nzito) ni B110 ya kampuni ya KEF na twita (ya sauti nyembamba) ni T27 iliyozungushiwa feliti. Woofa na twita hizo KEF waliacha kuzitengeneza zamani, kwa hiyo mpya za KEF wenyewe hazipatikani. Je, tubaki na kuta nyembamba na sanduku lisilo na tundu, au tufuate MDF nene (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) na tundu la hewa kama wengi wafanyavyo sasa? Mimi nasema kuta zibaki nyembamba. Ubao mnene haunyamazi. Mtetemo wake hupanda tu hadi kwenye eneo la sauti ya mtu, ambako sikio ni kali zaidi, ilhali ubao mwembamba hutetema chini na lami huuzima upesi. Inanisikitisha kwamba vijana waliolelewa na spika za harusini hawajui tena sauti ya mtu ikoje.

Mfunga Mitambo, Mbale
Mzee wangu, nakuheshimu, lakini sentensi yako ya mwisho imenichoma. Spika hizo za harusini ndizo zinazolisha watoto wangu. Hiyo LS3/5A hutoa kama desibeli 83 tu (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati moja, ukiwa umbali wa mita moja, na kila desibeli 3 unazoongeza zinadai umeme maradufu. Iweke chini ya turubai lenye wageni mia tatu, mvua inanyesha, kisha unionyeshe huyo atakayeisikia hotuba ya baba wa bibi harusi.

Msikilizaji wa Entebbe
Kaka wa Mbale, hakuna aliyesema ipelekwe harusini. Mimi naishi karibu na ziwa, na nilikuwa na spika za MDF. Pembe ya chini ilivimba hadi nikiigusa ukucha unazama, na povu la ukingo wa woofa likawa unga mikononi mwangu. Plaiwudi, Mzee, na ukingo wa mpira.

Mfunga Mitambo, Mbale
Dada, nimeelewa habari ya unyevu. Sijaelewa kwa nini sisi tuonekane hatuna masikio. Nikipanga mitambo, kitu cha kwanza ninachokisawazisha ni sauti ya mshereheshaji, kabla ya besi.

Mwalimu, Jinja
Turudi kwenye sanduku. Kama nakumbuka vizuri, spika hizo zilikuwa na ukinzani wa umeme wa omu 8, mzigo wa kawaida kwa amplifaya yoyote.

Fundi wa Ndeeba
Hapana, Mwalimu. Zilianza na omu 15, na baadaye zikawa 11.

Mwalimu, Jinja
Nashukuru kwa masahihisho. Hata hivyo, katika hili la tundu nasimama nawe: besi ya sanduku lililofungwa hushuka polepole, desibeli 12 kwa kila oktavu (yaani kila masafa yanapopungua nusu), na ile yenye tundu hushuka 24, kwa hiyo katika chumba kidogo ukuta wenyewe huisaidia ile ya kwanza, na hii ya pili huvuma. KEF walipotoa spika yao ya LS50 mwaka 2012, wakiikumbuka LS3/5A, waliweka tundu, nami naona walipata besi zaidi wakapoteza ule utulivu.

Mfunga Mitambo, Mbale
Mnabishana kuhusu tundu na hakuna aliyeuliza mteja anasikiliza nini.

Fundi wa Ndeeba
Kisomo cha Kurani na taarabu, usiku, watoto wakiwa wamelala. Chumba ni futi kumi kwa kumi na mbili, na stendi zitakuwa karibu na ukuta.

Mfunga Mitambo, Mbale
Ungeanza na hilo, Mzee. Hapo lifunge sanduku, na desibeli 83 zinamtosha. Lakini ile sentensi ya harusini bado nasubiri uifute.

Fundi wa Ndeeba
Kwa huyo mshereheshaji unayemsawazisha kwanza, naifuta. Kwa wale wanaoanza na besi, inabaki.